Jawabu Lisikatwe Bila Kuulizwa

Iko desturi mbaya katika madarasa yetu, nayo ni kulikata jawabu lenye alama ya kutoa kabla ya kuliuliza lasema nini. Mwanafunzi hupewa hesabu ya kitu kilichorushwa, huandika mlinganyo wa kipeo cha pili, hupata majawabu mawili, hushika moja, na la pili hulipiga mstari kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Alama huzipata, maarifa humpita.

Na tutwae mfano wa hapa Tiwi, penye minazi. Mkwezi yu juu ya mnazi, mita 10 kutoka chini. Arusha kidaka juu, wima, kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Tukiiacha hewa, na tukikadiria mvuto wa dunia kuwa 10, kimo cha kidaka baada ya sekunde t ni 10 + 5t − 5t². Kitagusa ardhi kimo kikiwa sifuri, yaani t² − t − 2 = 0. Majawabu ni 2 na −1.

La kwanza halina ubishi: kidaka hufika chini baada ya sekunde 2. La pili huitwa upuuzi. Si upuuzi hata kidogo! Lasema kwamba kama kidaka kingalirushwa kutoka shinani, kikampita mkwezi kwa mwendo ule ule, kingaliondoka sekunde 1 kabla, kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Njia ni moja. Mkwezi ameianzia katikati tu.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba mtihani hauulizi hayo. Basi na wajibu hili: mpira uliopigwa wima kutoka chini kwa mita 20 kwa sekunde huwa kwenye kimo cha mita 15 lini? Ni baada ya sekunde 1, ukipanda, na baada ya sekunde 3, ukishuka. Yote mawili ni kweli. Aliyezoea kukata moja, atakata lipi?

Galileo, aliyechapisha mwaka 1638 kwamba kitu kilichorushwa hufuata njia ya parabola, hakufika huko kwa kukariri. Alipima tufe likiteremka ubaoni.

Nawe, mwanafunzi, likate jawabu utakapoweza kusema kwa nini halifai. Kabla ya hapo, liache lisimame.