Udahili wa Chuo Kikuu: Mlango Umeshushwa au Umehamishwa?

Yako malalamiko ambayo kila kizazi cha wahadhiri hukirithisha kizazi kinachofuata: kwamba wanafunzi wa sasa hawafikii wale wa zamani, na kwamba chanzo chake ni kulegezwa kwa sifa za udahili. Malalamiko haya yamekwisha kuzoeleka kiasi cha kuchukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Makala haya yanachunguza dai hilo kwa kuitazama Tanzania, na yanashikilia kuwa neno "kiwango" limebeba maana zaidi ya moja katika vipindi mbalimbali. Kwa hiyo, anayelinganisha vizazi bila kwanza kuzitenganisha maana hizo hulinganisha vitu visivyolingana.

Kizazi cha kwanza ni kile cha mwaka 1961, ambapo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20. Digrii ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Ni kweli kwamba waliopita mlango huo walikuwa hodari. Hata hivyo, inafaa ikumbukwe kwamba mchujo mkubwa ulikuwa umekwisha kufanyika zamani, katika darasa la nne, la nane na la kumi na mbili, kwa sababu shule zilikuwa chache mno. Mtoto ambaye wilaya yake haikuwa na shule ya sekondari hakupata hata nafasi ya kushindwa mtihani. Uchache wa nafasi si kitu kimoja na ukali wa vigezo, ingawa kwa mtazamaji wa mbali viwili hivi hufanana.

Kizazi cha pili kilikuta mlango wa namna nyingine kabisa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifuta, kwa wengi, utaratibu wa kutoka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Mwombaji alitakiwa awe amehitimu Jeshi la Kujenga Taifa, awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na apate pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Hapa "kiwango" kilimaanisha ukomavu na utumishi pamoja na alama za mtihani. Utaratibu huo uliwaleta darasani watu wazima wenye uzoefu, lakini ulipunguza pia idadi ya wanawake, hata ikalazimu miaka michache baadaye waruhusiwe kujiunga bila sharti la kufanya kazi kwanza. Je, viwango vilipanda au vilishuka? Swali hilo halijibiki, kwa kuwa kilichobadilika ni kitu chenyewe kilichopimwa.

Kizazi cha tatu ni cha upanuzi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1992, vyuo vya binafsi vikafuata katika muongo huohuo, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa mwaka 2007. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ndiyo iliyopewa jukumu la kusimamia sifa za chini za kujiunga.

Katika kizazi hiki umetokea mfano ambao mwanaisimu hawezi kuupita kimya. Kwa wahitimu wa kidato cha sita wa kabla ya mwaka 2014, A ilihesabiwa kuwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3 na D pointi 2. Kwa wahitimu wa mwaka 2014 na 2015 iliingizwa B+ yenye pointi 4. B ikawa 3, na C ikawa 2. Kuanzia wahitimu wa mwaka 2016 hesabu ya awali ilirejeshwa. Sharti la jumla ya pointi 4 kutokana na masomo mawili lilipowekwa kwa makundi yote, mhitimu wa mwaka 2015 alihitaji C mbili, na wa mwaka 2016 alihitaji D mbili. Atazamaye herufi atasema kiwango kimeporomoka katika mwaka mmoja. Atazamaye pointi ataona kuwa hakikusogea. Herufi ni ishara tu, na uhusiano wa ishara na kirejelewa chake hutokana na makubaliano ya watumiaji. Makubaliano yakibadilishwa, ishara hubaki ileile huku maana ikiwa imehama. Mijadala mingi kuhusu udahili ni mijadala ya watu wanaosoma ishara za mikataba tofauti.

Kuna, hata hivyo, jambo moja ambalo halikubadilika katika vizazi vyote, nalo ndilo lisilotajwa katika orodha ya sifa: lugha. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na Kiingereza kikaachiwa sekondari na vyuo. Kwa hiyo alama ya biolojia au ya historia ya kidato cha sita hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani ujuzi wa somo na uwezo wa kuueleza kwa Kiingereza, wala haionyeshi lipi kati ya hayo limemwangusha mtahiniwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985 na baadaye vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulibainisha kuwa chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa waliweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Wanafunzi hao ni wa kipindi ambacho leo husifiwa kuwa cha dhahabu.

Wapo watakaopinga kwamba hoja hii inatetea uzembe, na kwamba upanuzi umewaingiza wasiostahili. Pingamizi hilo lina uzito wake. Darasa la mamia, lenye mhadhiri mmoja na vitabu vichache, haliwezi kutoa semina za watu kumi, na si kila anayedahiliwa ameandaliwa vema. Lakini hilo ni suala la malezi ya kitaaluma baada ya mlango, wala kuuinua mlango peke yake hakutaliponya. Aidha, uzoefu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kwa miongo kadhaa isimu na fasihi ya Kiswahili zimefundishwa kwa Kiswahili hadi tasnifu za uzamivu, unatosha kuonyesha kuwa hoja nzito hujengeka pale mwanafunzi anapofikiri na kuandika kwa lugha anayoimiliki.

Yafaa, basi, mambo matatu yafanyike. Kwanza, kila badiliko la madaraja ya ufaulu litangazwe pamoja na jedwali la kulinganisha madaraja ya awali, ili mwajiri na mhadhiri wasidanganywe na herufi. Pili, uwezo wa lugha upimwe waziwazi na peke yake mwanafunzi anapoingia, kwa lengo la kumfundisha na si la kumfukuza. Tatu, pendekezo la mwaka 1982 lirudishwe mezani na kujadiliwa kwa ushahidi. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba hakustahili kuingia huishia kuamini hivyo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini anayemchapa mwana kwa kosa la mlezi naye atalia, na taifa litalia pamoja naye.