Majengo ya Kale ya Upare Yapewe Kazi

Nyumba ya mmisionari Jakob Dannholz iliyoko Mbaga, katika milima ya Upare, imekuwa ikilaza wageni wanaopanda kuelekea msitu wa Shengena. Haikuachiwa popo. Jengo lenye mtumiaji huzibwa paa linapovuja. Lililotiwa kufuli huanza kuoza siku hiyohiyo.

Asitokee wa kujificha nyuma ya Serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Lakini misheni ya Shigatini ni ya 1900, na reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911. Waziri asipoyatangaza majengo ya enzi hiyo, dhamana inabaki kwa wenye nayo: makanisa, Shirika la Reli na halmashauri za Same na Mwanga.

Dhamana hiyo inahusu pia ardhi. Same mjini ni pakavu, milima imeikinga mvua. Mbaga ni ukungu na utelezi. Wapare waliujua mteremko wao, ndiyo maana mabwawa yao, ndiva, yalikusanya maji juu na kuyashusha mashambani bila pampu. Leo ramani moja ya jengo hupelekwa tambarare na mlimani, kana kwamba mvua ni ileile. Novemba 2009 maporomoko ya ardhi yalifukia nyumba za watu huko Goha, milimani. Nyumba iliyosimama karne nzima mlimani imekwisha kuthibitisha kiwanja chake, nyumba mpya bado.

Tutaambiwa fedha hazipo. Je, fedha za kubomoa ukuta wa mawe, kisha kupandisha saruji na nondo kwenye barabara za milimani, zinatoka wapi? Tutaambiwa pia kwamba majengo hayo yamepitwa na wakati. Hata reli ya Moshi ilihesabiwa imekufa, mpaka treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi iliporudi Desemba 2019.

Kwa hiyo kila taasisi iorodheshe majengo yake ya zamani na kutaja matumizi ya kila moja: zahanati, maktaba, ofisi ya kata, nyumba ya walimu. Kibali cha kubomoa kisitolewe kabla mhandisi hajakagua msingi na kuandika taarifa. Kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa zikarabatiwe kwa chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani. Na atakayeacha jengo lianguke kwa uzembe awajibishwe kama aliyepoteza mali nyingine yoyote ya umma au ya waumini.