Mashariki mwa Kongo: Masafa ya Sukhoi huamuliwa na viwanja vya ndege

Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha uwanja wa ndege wa Kavumu karibu na Bukavu katikati ya Februari, serikali ya Kinshasa ilipoteza zaidi ya miji. Ndege zake za kivita aina ya Sukhoi-25 zilisukumwa mbali na uwanja wa mapambano, na katika vita vya anga umbali ni mafuta.

Katika maandishi, Sukhoi-25 yaweza kuruka karibu kilomita 1,950. Hata hivyo, hiyo ni ndege iliyofungwa matangi manne ya nje, isiyobeba mabomu, inayohamia uwanja mwingine bila kurejea. Ikiwa na silaha, umbali unaotajwa kwa kawaida wa kwenda kushambulia na kurudi ni takriban kilomita 375.

Hesabu yake si ngumu. Matangi ya ndani hubeba takriban kilo 3,000 za mafuta. Kwa mfano, zikitengwa kilo 1,000 kwa ajili ya kupaa, dakika chache za mapigano na akiba ya kutua, hubaki 2,000. Ndege ikitumia kilo 4 kwa kila kilomita, itakwenda kilomita 500. Na kwa kuwa sharti irudi, shabaha yake isizidi kilomita 250. Kuruka chini ili kukwepa rada huongeza matumizi, kwa sababu hewa ya huko ni nzito. Tangi la nje nalo huchukua nafasi ya bomu.

Kutoka Kavumu hadi Goma ni chini ya kilomita 100. Kutoka Kindu, mkoani Maniema, ni takriban kilomita 390 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Kisangani ni takriban 500. Rubani anayetoka huko hana muda wa kuzunguka angani akisubiri kuelekezwa shabaha.

Vilevile hana kimbilio. Januari 2023, Rwanda iliishambulia Sukhoi iliyoituhumu kuvunja anga yake, tuhuma ambayo Kinshasa iliikanusha. Ndege hiyo iliwaka moto lakini ikatua Goma, hatua chache kutoka mpakani. Leo rubani wa namna hiyo angelazimika kuvuka mamia ya kilomita.

Ndiyo sababu thamani ya ndege zisizo na rubani aina ya CH-4, zilizonunuliwa kutoka China, imepanda: hukaa angani saa nyingi kwa mafuta kidogo.

Mashirika ya misaada yanauhitaji uwanja wa Goma kwa dawa na chakula. Lakini kila pendekezo la kuufungua litapimwa pia kwa swali la kijeshi: ni ndege za nani zitakazojaza mafuta hapo?