MAFUTA YANAKWISHA AU HAYAKWISHI?

Ndugu wafanyakazi,

Tangu mwaka 2006, mafuta ya kufaa biashara yalipogunduliwa kandokando ya Ziwa Albert nchini Uganda, kuna ubishi usiokoma kwenye mabanda yetu ya chakula. Wako wanaosema mafuta ni hazina yenye mwisho. Wako wanaodai kwamba yanajitengeneza yenyewe tumboni mwa ardhi, na kisima kilichokauka kitajaa tena kama chemchemi. Sisi tunasema ubishi huu si wa kupitisha wakati tu, kwani anayeamini kuwa ghala halina mwisho hataweka akiba.

Wataalamu wa miamba, karibu wote, wanakubaliana hivi: mwani na vijidudu vya majini vilikufa, vikazama katika matope ya chini ya bahari na maziwa mahali pasipo na hewa ya kutosha kuviozesha. Matope yakafunikwa, yakapata joto kwa mamilioni ya miaka, na mafuta yakatoka. Katika miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Alfred Treibs alionyesha kuwa ndani ya mafuta mna masalio ya ile rangi ya kijani ya majani. Huo ni ushahidi mzito.

Upande wa pili nao una watu wenye elimu. Mendeleev wa Urusi alitoa hoja hiyo katika miaka ya 1870, na Kudryavtsev akaifufua mwaka 1951. Thomas Gold aliwashawishi Waswidi wachimbe huko Siljan kuanzia mwaka 1986, wakapita kilomita 6 ndani ya mwamba mgumu. Mafuta ya biashara hayakupatikana. Ni kweli kwamba gesi ya methane inaweza kutokea pasipo viumbe, lakini sizo gesi hizo zinazoendesha malori ya dunia.

Na hata kama wangekuwa na haki, chemchemi itoayo tone moja haimfai mwenye kuchota kwa pipa. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Lakini tusidanganywe na upande mwingine pia. Mwaka 1956 Mmarekani M. King Hubbert alitabiri kwamba uchimbaji wa nchi yake ungefika kileleni kati ya 1965 na 1970 hivi, kisha ushuke. Ulifika kileleni 1970, ukashuka kweli. Baadaye wakajifunza kuipasua miamba kwa maji ya nguvu, na mwaka 2018 uchimbaji ukapita ule wa 1970. Mafuta hayakuzaliwa upya. Yalikuwamo mwambani, ila kuyatoa kulihitaji ufundi na fedha nyingi zaidi. Kwa hiyo kwisha kwa mafuta si pipa kuwa tupu. Ni kila pipa kuzidi kuwa ghali.

Tukumbuke pia miaka ya 1973 na 1974. Bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Je, ardhi ilikauka katika miezi ile michache? La! Ni watu waliofunga bomba. Basi tajiri akituambia, "Mafuta yanakwisha duniani, hakuna nyongeza ya mshahara," tumwombe atuwekee hesabu mezani: dizeli ya jenereta na malori ni sehemu gani ya gharama, na faida ni kiasi gani.

Huko Ziwa Albert inakadiriwa kuna mapipa bilioni 6.5 ardhini, na yanayoweza kutolewa ni bilioni 1.4 hivi. Hayo ndiyo ya kugawana. Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, vijana wetu wafundishwe kuendesha mitambo, wasiishie kuchimba mitaro. Pili, Mfuko wa Petroli ulioundwa na sheria ya Uganda ya mwaka 2015 usomewe wananchi hesabu zake, maana fedha zake ni za wajukuu pia. Tatu, chai, miwa na viwanda visitupwe kwa tamaa ya mafuta. Kisima kikifungwa, shamba ndilo litakalotulisha.

Wataalamu waendelee kubishana juu ya mwanzo wa mafuta. Sisi tujipange kwa ajili ya mwisho wake, tungali na nguvu ya kudai.

Umoja ni nguvu!