Mbio za Pikipiki: Barabarani au Uwanjani?



Jumapili jioni, simama kidogo kando ya barabara kuu ya Butembo, utazame. Vijana wawili wamesimamisha pikipiki zao bega kwa bega. Wanatazamana, wananguruma mashine, kisha wanafyatuka kama mishale. Wanafunzi wanapiga makofi. Mama mwenye beseni la ndizi anarukia mtaroni. Mara nyingi wote hufika salama, na kwa sababu hiyo hurudia Jumapili ifuatayo. Lakini iko siku ambayo mmoja hafiki.

Wengi husema kwamba vijana hao ni wahuni. Sisi hatukubali neno hilo. Wakati wa ugonjwa wa Ebola, tangu mwaka 2018 hata 2020, wamotari wa Beni na Butembo waliwachukua wagonjwa na waganga. Usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ni nani anayeitwa? Ni kijana wa pikipiki. Njia ya kutoka Butembo hata Beni ni kilometa 54 hivi, na kwa miaka mingi watu wenye silaha wameitia hofu. Naye huipita ili apate chakula. Kijana wa namna hiyo hatatishwa na maneno matupu ya “usikimbie”.

Tena tukumbuke kwamba mara nyingi pikipiki si mali yake. Kila jioni hana budi kumpa mwenyewe fedha waliyopatana. Akiivunja katika mbio, deni laangukia jamaa yake yote.

Basi tufanye nini? Kutaka kushindana si kosa. Watoto wetu wa milimani hushindana kwa chukudu za mbao kabla hawajagusa pikipiki. Kinachokosekana ni vitu vitatu: mahali, kanuni na mzee wa kusimamia. Tutazame jinsi wengine walivyovipata vitu hivyo.

Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la mchezo wa pikipiki lilianzisha mashindano ya watoto wa miaka 10 hata 14, yaitwayo MiniGP. Hawapandi mashine kubwa. Hupanda pikipiki ndogo za namna moja, nao hukimbia katika viwanja vidogo vya lami vilivyotengenezwa kwa vigari vya michezo. Kabla ya hayo, mwaka 2007, yalianzishwa mashindano ya Rookies Cup kwa vijana wanaoanza. Huko kijana aliyechaguliwa hupewa pikipiki. Baba yake hainunui. Katika mashindano hayo alipita Brad Binder wa Afrika ya Kusini, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa daraja la Moto3 mwaka 2016. Mwaka huohuo, huko Jerez katika Hispania, waamuzi waliona kwamba mashine yake haikutimiza kanuni moja, wakamweka mwisho kabisa. Alianza nyuma ya wote, akafika mbele ya wote. Enyi wanafunzi, lishikeni jambo hilo: aliadhibiwa, akaikubali kanuni, kisha akashinda.

Kwa nini mashine ziwe za namna moja? Kwa sababu kila mtu akija na mashine yake, mwenye mali hununua mwendo. Mashine zikilingana, mali hunyamaza, na mkono wa kijana ndio unaoonekana. Kule India, kiwanda cha TVS, ambacho pikipiki zake twaziona kila siku zikibeba mbao na magunia ya kahawa, kimefanya mashindano ya namna hiyo kwa miaka mingi, hata wasichana wakapata daraja lao. Na jirani zetu wa Uganda, huko Busiika karibu na Kampala, wana uwanja wa udongo ambapo watoto hugawanywa kwa umri wao na kwa ukubwa wa mashine.

Labda msomaji atajibu: “Hata uwanjani watu hufa.” Ni kweli, wala hatutaficha. Mwaka 2021 vijana watatu, wa miaka 14, 15 na 19, walikufa kwa kuanguka katika mashindano ya Ulaya. Lakini angalieni yaliyofuata. Wakuu wa mchezo walipandisha umri wa kuingia katika madaraja na kupunguza hesabu ya wanaokimbia pamoja. Tangu mwaka 2023 mashindano ya dunia yadai, kwa kawaida, miaka 18. Tofauti ndiyo hiyo. Uwanjani kifo huulizwa sababu, na kanuni hubadilishwa. Barabarani twazika, twalia, na Jumapili ifuatayo mbio zaendelea palepale.

Hatuoti kwamba kesho Butembo itapata uwanja kama wa Ulaya. Lakini hata uwanja mashuhuri wa Silverstone, Uingereza, ulikuwa kwanza kiwanja cha ndege za vita. Watu walianza na mahali walipopata. Kwetu yatosha kuanza na ua mmoja uliofungwa, pikipiki nne au tano kuukuu za namna moja, na fundi mwaminifu wa kufunga mashine zake kwa lakiri ili mtu asizichezee. Kofia ngumu ziwe za chama, apewe kila mmoja anayepanda. Mtoto asiingie bila ruhusa ya wazazi wake.

Na shindano la kwanza lisiwe la kukimbia. Liwe la kwenda polepole: anayefika mwisho bila kugusa chini kwa mguu ndiye mshindi. La pili liwe la kuzunguka kati ya mawe. La tatu liwe la kufunga breki na kusimama juu ya mstari uliochorwa. Anayeweza hayo matatu ndiye apimwe mwendo kwa saa, akiwa peke yake uwanjani. Michezo hiyo haidai fedha nyingi, nayo humfundisha kijana yaleyale yatakayomwokoa siku mtoto atakaporuka mbele yake njiani.

Enyi wenye pikipiki na wenye maduka, mwaweza kutoa ua na mashine chache; hasara yake ni ndogo kuliko ya pikipiki moja iliyovunjika. Enyi wazazi, msingoje kijana akomae katika mbio za njiani. Samaki hukunjwa angali mbichi. Nanyi vijana, mnaotaka kujua nani ana mkono mzuri, kubalini kupimwa mahali ambapo hakuna mama mwenye beseni la ndizi. Anayeshinda barabarani amemshinda mwenzake siku moja tu, na Jumapili ijayo atatakiwa tena kuuhatarisha uhai wake na wa wengine.