Njia ya Waendao kwa Miguu Mombasa

Mtu atokaye penye Mapembe ya Barabara ya Moi, akaifuata Barabara ya Nkrumah kwa taratibu, kisha akateremka hadi Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, huwa amezipitia zama kadhaa za tarehe ya Mombasa kwa mwendo usiomchosha hata shaibu mwenye bakora. Na akiingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, ambako roshani za mbao humtilia kivuli na muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake, dele la shaba likifuka juu ya makaa, hatatamani gari.

Taabu, basi, si masafa. Taabu ni kwamba mwenda kwa miguu, kabla hajafika huko, hukuta magari yameegeshwa juu ya njia yake, na mama mwenye mtoto mgongoni hana budi kushuka barabarani katikati ya matatu na tuktuk. Twawasihi wenye mamlaka, ambao aghalabu hupita hapo wakiwa garini, wapande miarobaini, waweke viti vya kupumzikia, na magari hayo wayaondoe kwanza.