Mshipa Mwembamba Humlemea Moyo



Watu wengi husema, "Mimi sina presha, kwa kuwa sisikii maumivu." Neno hili si la kweli, na sisi tusomao elimu ya viumbe yatupasa kulipinga hata majumbani kwetu.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma damu yapata lita 5 kila dakika. Damu hiyo hupita katika ateri kubwa, kisha katika vishipa vidogo sana ambavyo kuta zake zina misuli. Hapo ndipo ukinzani ulipo mkubwa kuliko po pote, maana misuli ikijikaza, njia huwa nyembamba.

Poiseuille, daktari wa Ufaransa, alipitisha maji katika mirija myembamba ya kioo, akatangaza matokeo yake miaka ya 1840. Aliona ya kuwa kipenyo cha mrija kikipungua nusu, na msukumo usipobadilika, maji yapitayo hayawi nusu wala robo, bali sehemu moja tu katika 16. Mishipa yetu si mirija ya kioo, lakini kanuni hiyo yatufumbua macho: kipenyo kikipungua sehemu moja tu katika kumi, karibu theluthi ya mtiririko hupotea. Ili damu isipungue, moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi. Kazi hiyo huifanya kimya kimya miaka mingi, mpaka kuta zake zinenepe, au mshipa wa ubongo upasuke.

Basi, angojaye maumivu ndipo apimwe, huchelewa. Na aachaye dawa kwa kuwa ameona nafuu, ni kama mtu aezuaye paa kwa kuwa halowi mvua.

Maoni yangu ni haya. Walimu watuonyeshe kanuni hii kwa ndoo na mipira miwili ya maji, mwembamba na mpana, tusiikariri tu. Wazazi wapimwe kila mwaka. Na ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, warudi kupimwa tena, kwani kipimo kimoja hakitoshi. Nasi sote tupunguze chumvi: Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa.

Likizo i karibu. Kila mmoja wetu afikapo nyumbani na awaulize wazee wake: "Mlipimwa lini?"

Mwanafunzi, Kidato cha 4